Somo: Kuchora katuni ya wasafiri wa anga kwenye sayari iliyobaki mahame

Niliahidi somo hili kabla ya mfungo, watu watatu wamenikumbusha, mmoja kwa ukali. Haya, leo tunakaa chini.

Tutatengeneza kijitabu cha kurasa 8: wasafiri wa anga kutoka Kigoma wanafika kwenye sayari isiyo na mtu. Tafuta karatasi za A4, penseli, kifutio, rula, kalamu ya wino mweusi, na ujue pa kutoa fotokopi. Kompyuta si lazima. Mimi meza yangu ni sinia la pilau lililogeuzwa, nalipakata.

Hatua ya 1: Jangwa au mahame?

Usianze na chombo. Najua mkono unawasha. Kila anayeanza huanza na chombo, anamaliza siku tatu kwenye mabomba na taa, halafu sayari yenyewe inapata mstari mmoja wa upeo na mawe matano.

Anza na sayari, na jambo la kwanza ujiulize kama ni jangwa au ni mahame. Jangwa halijawahi kuwa na mwenyewe. Mahame yana mwenyewe, ila kaondoka. Msomaji akiona jangwa anafungua ukurasa unaofuata. Akiona mahame anauliza wenyewe wako wapi, na hapo umeshamshika.

Mahame nilifundishwa na bibi. Tukitoka Ujiji kwenda shamba kuna mahali alikuwa anapunguza mwendo, anasema, "Hapa kwa fulani." Mimi naona nyasi tu. Siku moja akanishika mkono akanionyesha. Michikichi imesimama mstari, na miti haijipangi yenyewe. Udongo wa palipokuwa jiko mweusi kuliko wa pembeni. Na jiwe la kusagia limelazwa kifudifudi. Watu walihama miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Nyumba za udongo zikarudi kuwa udongo. Bibi alilitazama sana lile jiwe. Akasema mtu asiyetarajia kurudi halifudikizi jiwe lake, analiacha hivyo hivyo lijae mvua.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, andika vitu vitatu vya sayari yako: kimoja kilichopangwa na mkono, kimoja chenye alama ya kutumika, na kimoja kilichoachwa na mtu aliyedhani atarudi. Vyangu ni nguzo saba mstari mmoja, ngazi iliyolika katikati, na sufuria iliyofunikwa, juu ya kifuniko imewekwa jiwe.

Hatua ya 2: Amua hewa, maana hewa ndiyo itaamua wino

Hapa wengi hudhani sayansi ni pambo. Tazama. Mwezini hakuna hewa ya maana, kwa hiyo mbingu ni nyeusi hata mchana, na kivuli kinakatwa kama kwa wembe. Mirihi ina hewa nyembamba, kanieneo yake, yaani mgandamizo wa hewa, haifiki asilimia 1 ya yetu, lakini imejaa vumbi jepesi: mchana mbingu ni ya rangi ya udongo, na jua likizama pembeni yake panakuwa na ubluu. Zuhura ndiyo balaa, kanieneo ni kama mara 90 ya yetu na joto linapita nyuzi 450. Huko wasafiri wako hawamalizi ukurasa wa pili.

Mara ya kwanza nilichagua sayari isiyo na hewa. Nikapaka mbingu nyeusi kurasa zote, kalamu mbili zikaisha, nikaona nimefanya kazi ya kiume. Nikapeleka kwenye fotokopi. Mashine ilikuwa imechoka. Ule weusi ukatoka na mistari myeupe na mabaka, kama ukuta uliopigwa lipu na mtu mwenye haraka. Nakala 30, zote hivyo, na hela imeshalipwa. Tangu siku ile sayari zangu zina hewa nyembamba na mbingu nyeupe. Kuna mtu aliniambia ni uamuzi wa kisanaa. Nilinyamaza.

Mvutano wa sayari, ule unaovuta vitu chini, nao uamue mapema. Kwenye mvutano kama wa Mirihi, asilimia 38 ya wetu, mtu wa kilo 70 anajisikia kama wa kilo 26 au 27. Basi anayebeba gunia usimkunje mgongo wala usimtoe jasho. Mchore amelishika kwa mkono mmoja, huku mwingine anajikuna.

Hatua ya 3: Chombo

Sasa chora chombo. Lakini usiige vya kwenye sinema, vinavyong'aa kama vijiko vipya. Sisi tuna meli hapa. Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Chombo chenye historia ya namna hiyo hakihitaji mabawa. Kinahitaji ribiti, rangi iliyopakwa juu ya rangi, kamba zilizoanikwa, na mtu amelala juu ya mzigo wake.

Tena Liemba inakutatulia tatizo la kutua. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, meli ilikuwa inasimama majini, mitumbwi inaifuata kushusha watu na mizigo. Fanya vivyo hivyo: chombo kikubwa kinabaki kinazunguka juu, mtumbwi mdogo ndio unashuka. Umeokoa fremu nne, yaani visanduku vinne vya picha, vya moto na moshi, na umepata purukushani ya kushuka, ambayo ndiyo inachekesha.

Hatua ya 4: Kugawa kurasa

A4 mbili zikikunjwa katikati na kuchomekwa moja ndani ya nyingine zinatoa kurasa 8. Kwenye karatasi ya nje, upande wa nje ni ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia. Upande wake wa ndani ni 2 na 7. Karatasi ya ndani: nje 6 na 3, ndani 4 na 5. Andika namba kwa penseli kabla ya kuchora. Mimi sikuandika mara ya pili, nahodha akafa kabla hajaondoka nyumbani.

Kurasa za kulia ni 1, 3, 5 na 7. Unapomaliza wa 3, wa 5 au wa 7 lazima mkono ufunue, kwa hiyo mshtuko wako uweke mwisho wa kurasa hizo. Usiuweke wa 2 au wa 4, jicho litaiba jibu ng'ambo.

Wangu uko mwisho wa ukurasa wa 3. Nahodha Bi Zuwena, fundi Bilali na roboti wao Mgebuka wamefika kwenye mlango pekee uliosimama. Sayari nzima haina mtu, vipimo vimesema, Mgebuka kaapa. Bilali anataka kusukuma mlango. Bi Zuwena anamkata jicho: "Kwa watu huingii bila hodi." Fremu ya kwanza anagonga: "Hodi!" Vumbi. Ya pili: "Hodi!" Bilali anatazama saa. Ya tatu: "Hodi hapa!" Hodi tatu zimeisha, adabu inasema waondoke, na wameshageuka. Fremu ya nne ni mlango peke yake, na kiputo kidogo cha maneno kutoka ndani:

"Karibuni."

Fremu hizo nne zichore ukubwa mmoja, pembe moja, mlango uleule. Kinachobadilika ni watu tu.

Hatua ya 5: Maneno na wino

Andika maneno kwanza, kisha uyazungushie kiputo. Ukianza na kiputo, maneno yatabanana kama abiria wa daladala. Sauti ya redio ipe kiputo chenye kingo za meno ya msumeno. Acha sentimita moja tupu pande zote, fotokopi hula pembeni. Wino ukikauka ndipo ufute penseli.

Maswali ya wanachama

Dogo wa Mwanga: Shikamoo kaka. Kama hewa ni nyembamba, hiyo hodi inasikikaje?

Marahaba. Umeniwahi. Sauti Mirihi ipo, ila hafifu. Chombo cha Perseverance kilichotua mwaka 2021 kina kinasa sauti na kimerekodi upepo wa kule. Sauti huko inakwenda kama mita 240 kwa sekunde, hapa kwetu 340. Ndiyo maana Bi Zuwena anagonga kwa ngumi, mtikisiko unapita kwenye chuma cha mlango. Na "karibuni" angalia kingo za kiputo: imetoka redioni.

Mama Kulwa, Tabora: Hongera kwa somo. Sisi huku hatuna ziwa wala meli. Tuchore asali?

Dada, asali mtuletee, kuchora chora treni. Nyie reli zinaagana kwenu, moja Kigoma, moja Mwanza. Chombo cha mabehewa, kila behewa na tabia yake, linalokatwa na kuachwa kwenye sayari hii wakati mengine yanaendelea, sijaona mtu akikichora. Na mahame mnayo: miembe mikongwe ya njia ya misafara, mti upo, msafara haupo.

Mwalimu wa Kasulu: Huyo aliyejibu anajuaje Kiswahili? Au walipata ile diski ya salamu iliyobebwa na vyombo vya anga vya Voyager?

Hapana mwalimu. Diski za Voyager zilirushwa mwaka 1977 na salamu za lugha 55. Kiluganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Nilipojua nilinuna siku nzima, halafu nikaona ni zawadi: kumbe "karibuni" ile haiwezi kuwa imetoka kwenye diski. Imeachwa na watu wetu waliotangulia, wakairekodi siku wanahama, ikawa inangoja hodi ya tatu.

Mama Kulwa, Tabora: Kwa hiyo walihamia wapi?

Hilo sijui bado, nimekwama ukurasa wa 7. Ninachojua ni fremu ya mwisho: Bilali anaondoa jiwe juu ya ile sufuria, anafunua, na Mgebuka anasema, "Bado ya moto."