Somo: Kutoka Nakuru hadi maji moto ya Loburu, Ziwa Bogoria

Hatua ya 1: Ondoka alfajiri. Jua la kule si la Nakuru. Ikifika saa sita mawe yanaunguza hata ukivaa viatu. Unapita Mogotio, unavuka ikweta, na kabla tu ya Marigat unakata kulia kuelekea Loboi, lilipo geti la hifadhi ya ziwa.

Hatua ya 2: Lipa getini. Hifadhi ni ya Kaunti ya Baringo, kwa hiyo tiketi ya Ziwa Nakuru haikusaidii.

Hatua ya 3: Loburu. Barabara inakufikisha karibu kabisa na chemchemi, na hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize. Mvua inayozama kwenye nyufa za Bonde la Ufa hukutana na mawe yenye moto wa volkano, kisha hurudi juu ikichemka. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya bahari, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 96 hivi. Yanatosha kubambua ngozi. Asubuhi mvuke huwa mzito na unapendeza mno, lakini ndio unaoficha ukingo. Simama, ngoja upepo ugeuke, uone unapokanyaga. Pale penye ukoko mweupe au unyevu usikanyage kamwe, kwa sababu chini yake maji yamekwisha kula udongo. Watoto washikwe mkono, tena mkono, si nguo. Mimi siwaruhusu wangu kuvaa kandambili huko.

MASWALI

Mwalimu, tunaweza kuchemsha mayai?
Wengi huchemsha. Yatie kwenye mfuko wa wavu, uufunge kwenye fimbo ndefu, usiiname. Maganda rudi nayo nyumbani.

Mama yangu ana maumivu ya magoti. Aoge?
Pale Loburu hapana, dada. Hata vijito vinavyoteremka ziwani hubaki na moto kwa mwendo mrefu, na macho hayawezi kukuambia vimepoa wapi.

Mbona picha za zamani zinaonyesha chemchemi nyingi zaidi?
Ziwa lilipanda sana miaka ya 2010, likameza barabara ya zamani na baadhi ya chemchemi. Ukiona mapovu yakitokea majini mbali na ufuo, hizo ndizo, bado zinachemka huko chini.

Bila gari je?
Panda matatu ya Marigat, kisha boda hadi getini. Uliza hapo kwanza usafiri gani unaruhusiwa ndani, ndipo umlipe kijana wa boda.