Jinsi ninavyowafundisha wanafunzi kuisoma ripoti ya Kerner

Kila tukifika kwenye mada ya watu wenye asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya, kidato cha sita wananiletea insha zenye sentensi ileile: Marekani inaelekea kuwa jamii mbili, moja ya weusi na moja ya weupe, zilizotengana na zisizo sawa. Sentensi ni nzuri na imetoka kweli kwenye ripoti ya Kerner ya 1968, ya tume iliyochunguza ghasia zilizolipuka katika mitaa ya weusi kwenye miji ya Marekani. Lakini aliyeikariri hiyo tu hajajua bado serikali ilifanya nini. Ripoti yenyewe inapatikana mtandaoni, ni ya Kiingereza na ina kurasa mamia. Usiibebe yote. Fanya hivi.

Kwanza tazama walioketi mezani. Rais Lyndon Johnson aliunda tume hiyo mwishoni mwa Julai 1967, Detroit ikiwa bado inafuka moshi. Mwenyekiti alikuwa Otto Kerner, gavana wa Illinois, na makamu wake John Lindsay, meya wa New York. Wajumbe walikuwa 11: wabunge na maseneta, mkuu wa polisi wa Atlanta, bosi wa kampuni kubwa, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma. Weusi walikuwa wawili, Roy Wilkins wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, na seneta Edward Brooke. Mwanamke mmoja. Kijana wa mitaa iliyoungua, hakuna hata mmoja. Yaandike majina hayo pembeni ya daftari, kwa sababu ndiyo yanayoipa uzito kauli yao kwamba ubaguzi wa weupe ndio chanzo kikuu cha hali iliyolipuka. Angeisema mwanaharakati wa Black Power, vuguvugu la weusi wenye msimamo mkali, Washington ingempuuza. Hawa walikuwa watu wa ndani.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye kurasa za Detroit, na usome na penseli mkononi. Usiku wa kuamkia Julai 23, polisi walivamia baa bubu katika mtaa wa 12, ambako watu zaidi ya 80 walikuwa kwenye sherehe ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Walipokuwa wakipakiwa kwenye magari, umati ukakusanyika. Siku chache baadaye watu 43 walikuwa wamekufa, 33 kati yao weusi. Hapo wanafunzi wangu hupigia mstari idadi ya vifo na kuendelea. Mimi nawarudisha. Tafuta risasi. Ripoti inasema wanajeshi wa miavuli wapatao 2,700 walitumia risasi 201 tu kwa muda wote, na eneo lao likatulia haraka. Askari wa akiba wa jimbo, wengi wao vijana weupe wasio na uzoefu, walikuwa wakifyatua ovyo upande wa pili wa mji. Jiulize: kama jeshi lile lile la serikali lingeweza kutuliza mji karibu bila kufyatua risasi, vifo vingine vililetwa na nini? Tafuta pia fedha. Magazeti yalianza kwa kutaja hasara ya dola milioni 200 hadi 500. Makadirio ya juu kabisa ya baadaye yalikuwa milioni 45. Tofauti hiyo peke yake inatosha kipindi kizima cha darasa.

Sura za katikati, za historia ya utumwa na uhamiaji kutoka Kusini, unaweza kuzipitia haraka kama umeshasoma mada zilizotangulia. Simama kwenye orodha ya malalamiko. Ya kwanza ni vitendo vya polisi, inafuata ukosefu wa ajira, kisha nyumba duni. Kumbuka mpangilio huo, utauhitaji sasa hivi.

Sasa chora safu mbili. Kushoto andika walichopendekeza: ajira mpya milioni 2 ndani ya miaka 3, nyumba milioni 6 ndani ya miaka 5. Kulia andika kilichotokea, kwa tarehe. Ripoti ilitoka mwisho wa Februari 1968, na Johnson, mwenye vita vya Vietnam shingoni, aliipokea kwa ubaridi. Aprili 4 Martin Luther King akauawa Memphis, na miji zaidi ya 100 ikalipuka. Aprili 11 rais akasaini sheria ya kuzuia ubaguzi katika makazi. Wengi huishia hapo na kushangilia, lakini ndani ya sheria hiyohiyo kuna kifungu kinachofanya kuvuka mpaka wa jimbo ili kuchochea ghasia kuwa kosa chini ya sheria za serikali kuu. Juni 19 ikaja sheria ya kupambana na uhalifu, iliyofungua mfereji wa fedha za Washington kwenda kwa polisi wa majimbo na miji: dola milioni 63 mwaka wa kwanza, zaidi ya milioni 800 kwa mwaka ilipofika katikati ya miaka ya 70. Agosti ikaja sheria ya nyumba. Ile milioni 6 imo, ila muda umekuwa miaka 10.

Haya, linganisha safu ya kulia na ile orodha ya malalamiko. Aliyelalamikiwa zaidi ndiye aliyeongezewa bajeti. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye insha, nampa alama zangu zote.

Malizia na kurasa za mwisho za ripoti, penye ushahidi wa Kenneth Clark, mwanasaikolojia mweusi. Aliwaambia wajumbe kwamba ukisoma ripoti ya ghasia za Chicago za 1919 ni kama unasoma ya ghasia za Harlem, New York, za 1935, za Harlem tena za 1943 na za Watts, Los Angeles, za 1965: uchambuzi uleule, mapendekezo yaleyale, na kutotenda kulekule. Wao wenyewe waliyachapa maneno hayo, jambo ambalo nawaheshimu kwalo.

Ukiwa na muda, chukua ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu polisi wa Ferguson, mji mdogo wa jimbo la Missouri, ya Machi 2015. Anzia kwenye kurasa za faini za mahakama, na utumie safu zile zile mbili.