Kumwita fundi afunge jenereta nyumbani: naandika mara moja, msinipigie tena

Assalaam alaykum. Umeme ukikatika jioni tu simu yangu haipoi: fundi gani alikufungia, alikutoza ngapi, na mimi nifanyeje. Basi somo lote ni hili. Mimi Mama Barafu si fundi. Nina friza mbili Fuoni, nauza barafu na samaki, na nimeishi na jenereta tangu lile giza la Unguja la Disemba 2009 mpaka Machi 2010.

1. Andika vyombo unavyotaka viwake. Friza, taa, feni, pampu. Birika la umeme, pasi na AC viache. Wati zimeandikwa nyuma ya kila chombo, lakini friza na pampu zinapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo. Jenereta iliyoandikwa kVA 5 (ndio ukubwa wake) ihesabu kilowati 4, yaani wati 4,000, na usiijaze mpaka pomoni.

2. Tafuta fundi umeme, si fundi injini. Wa injini atakusafishia kabureta vizuri sana, lakini boksi la umeme la nyumba si kazi yake. Muulize leseni, na akuoneshe nyumba moja aliyofunga. Nenda ukaitazame.

3. Vifaa nunua mwenyewe, fundi awepo dukani. Pesa ya ufundi gawa: nusu mwanzo, nusu baada ya jaribio.

4. Pahala. Nje, juu ya zege, chini ya kibanda kilicho wazi pembeni, ekzosi isielekee dirisha la mtu yeyote, hata la jirani.

5. Chenjiova, yaani swichi ya kuihamisha nyumba kutoka umeme wa mtaa kwenda wa jenereta. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo someni polepole.

Fundi wangu wa mwanzo alinambia chenjiova ni kutupa pesa. Akanifungia breka (swichi za kukata umeme) mbili ubavu kwa ubavu, akaandika kwa penseli juu ya moja ZECO, yaani umeme wa shirika, juu ya nyengine JENI, yaani jenereta. "Shusha hii ndiyo upandishe ile." Miezi minne mambo yakaenda. Usiku mmoja wa masika mimi niko msibani, mwanangu akaona taa za jirani zimewaka, akapandisha ya ZECO kabla hajaishusha ya JENI. Umeme wa mtaa ukakutana na wa jenereta ndani ya waya mmoja. Anasema ulitoka mlio kama bati limepigwa teke, injini ikazima, na nyumba nzima ikanuka vanishi iliyoungua. Asubuhi fundi mwengine alifungua kifuniko cha jenereta: koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani yake, ambazo zikiwa nzima zina rangi ya asali, zilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu. Samaki wote wa friza niliwagawa mtaani.

Na hiyo ilikuwa nafuu. Ukisahau kinyume chake, ukapandisha ya JENI kabla hujaishusha ya ZECO, umeme wako unatoka nje kupitia mita, unaingia transfoma kwa mlango wa nyuma, na volti 230 zako zinapanda kuwa 11,000 kwenye laini ambayo mfanyakazi aliye juu ya nguzo anaamini imekufa. Yule ni mtoto wa mtu.

Chenjiova ni swichi moja yenye mkono mmoja: 1, 0, 2. Mkono hauwezi kuwa pahala pawili kwa wakati mmoja, hata akiushika mtoto, hata gizani. Itake ya kukata nyaya mbili, laivu (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) pamoja. Fundi akikwambia nyutro haina haja, mlipe nauli aende zake. Isiwe ndogo kuliko breka ya baada ya mita yako, na upande wa jenereta uwe na breka yake: kVA 5 inatoa kama ampea 21, kwa hiyo mimi nimefungiwa ya 20.

6. Ethi, yaani njia ya umeme uliovuja kushuka ardhini. Jenereta iwe na fimbo yake ya shaba ardhini, iunganishwe na ethi ya nyumba.

7. Jaribu kabla hujamaliza kulipa. Washa vyombo kimoja kimoja, friza kwanza. Fundi apime volti mbele yako.

MASWALI

Kijana wa Bububu: Nikitumia waya wenye plagi pande mbili nikachomeka kwenye soketi, si yaleyale kwa bei rahisi?
Mama Barafu: Si yaleyale. Ile plagi ya pili vyuma vyake viko nje na vina umeme, atakayevigusa anakufa. Na mfanyakazi wa kwenye nguzo nimekwisha mtaja. Rudia namba 5.

Shangani: Bi mkubwa, Mji Mkongwe sina ua. Nikiiweka chini ya ngazi, mlango wazi?
Mama Barafu: Hapana, mwanangu. Hewa ya sumu ya ekzosi haina harufu wala rangi, na ngazi inaipandisha vyumbani mlikolala. Kama huna nje, chukua inveta na betri. Taa, feni na simu vitakutosha.

Dada K: Jumla inagharimu ngapi?
Mama Barafu: Bei sikuiandika makusudi. Orodha yako na yangu si moja.

Jambiani 7: Huku kwetu ni mawe matupu, fimbo ya ethi imeingia futi moja ikagoma. Fundi anataka kuikata.
Mama Barafu: Ahsante kwa kuuliza kabla hajaikata, ukubali asiikate. Fundi wangu alifanya kazi Makunduchi akalikuta hilohilo. Alichimba mtaro, akalaza waya wa shaba mtupu kwa urefu, akafukia kwa udongo aliouleta, si kifusi. Kisha akapima kwa mita ya ethi. Muulize wako kama anayo hiyo mita.

Mpenda kujua: Nikiwasha jenereta, testa inawaka kidogo kwenye laivu na pia kwenye nyutro. Kuna hitilafu?
Mama Barafu: Swali zuri, nami nililiuliza. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijafungwa na ethi, inaelea. Umeme unawaka sawa, lakini ile breka ya kuzuia shoti ya mwili huenda isikate mtu akipigwa. Fundi aiunganishe nyutro na ethi sehemu moja tu, kwenye jenereta. Hii ndiyo sababu nyengine ya chenjiova kukata nyutro.

Mkoani: Yangu inanguruma vizuri ila haitoi umeme. Imekaa tangu mwaka jana.
Mama Barafu: Tazama kwanza breka ya jenereta yenyewe. Ikiwa iko juu, huenda sumaku yake imepotea kwa kukaa. Fundi huirudisha kwa betri ya volti 12, sekunde chache tu. Usijaribu mwenyewe, ukikosea chanya na hasi unaunguza AVR, kile kifaa cha kusawazisha volti za jenereta. Kisha iwashe kila mwezi, dakika 20, friza ikiwa imeunganishwa.

Baharia: Na kabla ya kuizima funga koki ya petroli, iache injini imalize mafuta ya kwenye kabureta. Petroli iliyolala hugeuka ulimbo.
Mama Barafu: Kweli kabisa. Na nyinyi wa pwani, vifungo vya waya vipakeni grisi, chumvi inavila.