Kiyoyozi chako kwenye kiangazi cha Maskati

Juni 2018, katika mji wa Quriyat pwani ya Oman, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu, tukitoka Tanga, Mombasa au Bujumbura, huja huku tukiamini joto tunalijua. Joto la kwetu usiku hulegea. La Ghuba, kuanzia Juni hadi Agosti, halilegei, na AC iliyo ukutani haipati pa kupumzika.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinalitoa joto la chumbani na kulimwaga nje kupitia lile boksi lenye feni. Nje kukiwa nyuzi 46, kulimwaga joto hilo ni kazi nzito. Ndiyo maana kuweka rimoti kwenye 16 hakusaidii: kwa AC ya kawaida, namba hiyo inaiambia mashine isimame wapi tu, haiongezi nguvu yake. Mchana wa Julai haitafika 16, basi haitasimama. Weka 24, shusha mapazia mazito upande wa jua, na kama kuna feni ya dari iwashe.

Kiangazi changu cha kwanza niliweka 16 nikalala. Alfajiri maji yalikuwa yanachuruzika ukutani na ndani ya AC kumeganda barafu. Chujio lilikuwa limezibwa na vumbi, hewa haipiti, mabomba yakapoa kupita kiasi. Ukikuta hivyo, zima baridi, acha feni peke yake kwa saa kadhaa mpaka barafu iyeyuke. Usiibandue kwa kisu. Ukitoboa bomba, gesi yote imekwenda. Tangu siku hiyo naosha chujio kila wiki mbili kwa maji ya bomba, nalianika kivulini, nalirudisha likiwa kavu kabisa. Kukipita dhoruba ya vumbi, siingoji hiyo wiki ya pili.

Boksi la nje nalo husahaulika. Vumbi na chumvi ya bahari huganda kwenye yale mabati membamba ya nyuma, na watu huegesha magodoro na kuanika nguo mbele yake. Lipe nafasi. Kabla ya kuliosha zima umeme kwenye swichi kuu, kisha tumia maji ya mpira yasiyo na kasi. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tatu hivi kabla ya kuwasha, ili kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, isianze na mzigo. Swichi ikijizima mara kwa mara usiilazimishe, ita fundi.

Novemba hadi Machi mambo ni mepesi, usiku fungua madirisha. Walioko Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa khareef, yaani msimu wa kiangazi wa manyunyu na ukungu, watumie alama ya tone la maji kwenye rimoti: hiyo hukausha hewa bila kukugandisha.

Nawasihi hasa kuhusu mkaa. AC nyingi za ukutani huzungusha hewa ileile ya chumbani, hazivuti ya nje. Chetezo cha udi chenye makaa, ndani ya chumba kilichofungwa ili baridi isitoke, kinaweza kuua waliolala, na sumu yake haina harufu. Fukiza, toa makaa nje, fungua dirisha, ndipo ufunge.

Ukinunua mpya, uliza kama ni ya T3, daraja lililoundwa kwa nchi za joto kali. Na dada unayefanya kazi kwenye nyumba ya watu, AC ya chumba chako ikifa mwezi wa Julai usivumilie kwa haya. Kichwa kikiuma, ukianza kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari ya maisha. Hamia penye baridi, unywe maji na uombe msaada. Mwambie mwenye nyumba asubuhi hiyohiyo: *al-mukayyif kharban*, kiyoyozi kimeharibika.