Namna ya kumtazama Adric upya

Usianzie kisa cha Four to Doomsday. Hapo ndipo wengi walipomchoka Adric, kijana anayesafiri na Doctor katika Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya safari za anga na wakati: anawadharau wenzake, anamwamini upesi Monarch, mtawala mwovu, anabishana na kila mtu. Nami nilimwita mjuaji miaka mingi, mpaka nilipompata wa kwangu.

Nafundisha tuisheni ya hesabu Tandika. Akaja kijana wa kidato cha tatu, ametoka Kigoma kuishi kwa shangazi yake. Siku ya pili tu: "Mwalimu, mstari wa tatu umekosea alama." Kweli nilikosea. Wenzake wakaguna, nami nikakunja uso. Ulipita muhula mzima ndipo nikaelewa kwamba hesabu ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwao ambacho mjini hapa kilimpa heshima.

Basi anza na Full Circle, ya 1980. Ni sehemu nne, kila moja kama dakika 25, usiku mmoja unatosha umeme usipokatika. Adric anajivunia beji yake ya hesabu. Iache, mwangalie kaka yake, Varsh. Varsh anakufa, na mkanda wake unabaki kwa mdogo wake. Ukumbuke huo mkanda.

Kisha Logopolis, 1981, ambamo Doctor aliyemzoea anaanguka na kubadilika sura. Kaka hayupo, kwao hayupo, sasa na mwalimu amegeuka mtu mwingine. Hapo ndipo uiweke Four to Doomsday. Kila akianza kujimwambafai, rudisha nyuma dakika moja, usikilize alivyojibiwa kabla.

Mwisho Earthshock, 1982. Mapema anagombana na Doctor akitaka kurudi kwao, anakokotoa njia, halafu anakiri hataki kwenda. Alitaka tu kuonyesha kwamba anaweza. Kipande hicho kitazame mara mbili.

Baadaye anabaki kwenye meli inayoiangukia Dunia, akijaribu kufungua kompyuta, hadi Cyberman, adui aliye nusu mtu nusu mashine, anapoiharibu. Anashika mkanda wa Varsh na kusema hatajua kamwe kama alikuwa sahihi. Watu husema ni majivuno. Mimi nasikia mwanafunzi aliyenyang'anywa karatasi kabla hajahakiki jibu.

Usizime hapo. Majina yanapita kimya, bila muziki, juu ya beji iliyovunjika. Nilimwonyesha yule kijana wa Kigoma. Alinyamaza mpaka jina la mwisho, kisha akaomba turudishe nyuma azione zile hesabu.