Akiba, matumizi na Universal Credit: mwongozo kwa Watanzania walio Uingereza na ndugu zao wa Dar es Salaam

Kazi yangu ni uhasibu, na ofisi yangu ipo Kariakoo, chumba kimoja juu ya duka la vitenge. Baadhi ya wateja wangu hawajawahi kukanyaga ngazi za chumba hicho: ni Watanzania wanaoishi Uingereza na kupokea mafao ya serikali ya huko yaitwayo Universal Credit, ambao siku moja wametakiwa kueleza kiwanja cha Chanika ni cha nani, au pauni elfu nne zilizotumwa Dar es Salaam zilikwenda kufanya nini. Wanaopanda ngazi ni dada zao, wajomba zao na mama zao, kila mmoja na bahasha ya kaki yenye karatasi ambazo mara nyingi hazitoshi.

Nimeona watu wakiumia kwa njia mbili zinazopingana. Yupo anayeogopa kuweka akiba yoyote, akidhani pauni mia tano benki zitamnyima haki yake. Na yupo anayeona salio linakaribia ukomo, akaharakisha kulimaliza kwa kugawa huku na huku, kisha akajikuta anahesabiwa fedha ambazo hanazo tena. Wote wawili wangesalimika kama wangejua hesabu yenyewe inavyofanywa, na kama upande wa Dar es Salaam ungetunza karatasi zake.

Hatua ya kwanza: jua unapokea nini

Si kila fao la Uingereza linatazama akiba. Malipo ya watoto yaitwayo Child Benefit, malipo ya ulemavu yaitwayo Personal Independence Payment na pensheni ya serikali hayapungui kwa sababu ya fedha ulizoweka benki. Mwongozo huu unahusu Universal Credit, ambayo hupimwa kwa kipato na mali. Wazee wenye Pension Credit, yaani nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, wana kanuni nyingine: pauni 10,000 za mwanzo hazihesabiwi, kila pauni 500 au sehemu yake inayozidi hapo inachukuliwa kuwa kipato cha pauni moja kwa wiki, na hakuna kiwango cha juu kinachofunga mlango moja kwa moja.

Angalia pia kibali chako cha kuishi. Kikiwa na sharti la kutotumia fedha za umma, usiombe Universal Credit kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji, kwa maana ombi lenyewe linaweza kuwa kosa.

Hatua ya pili: zijue namba mbili

Namba hizo ni pauni 6,000 na pauni 16,000. Mali yako ikiwa pauni 6,000 au chini ya hapo, haipunguzi chochote. Ikizidi pauni 16,000, kwa kawaida hustahili Universal Credit kabisa. Katikati ya namba hizo, kila pauni 250 iliyozidi 6,000, au sehemu yoyote ya pauni 250, inachukuliwa kana kwamba inakuletea kipato cha pauni 4.35 kwa mwezi, hata kama benki haikulipi faida hata senti moja. Viwango ni vilevile kwa mtu mmoja na kwa wanandoa wanaoomba pamoja, jambo ambalo familia nyingi hulisahau: akiba ya mume na akiba ya mke zinawekwa katika kapu moja.

Mshahara nao una utaratibu wake. Ukiingia ndani ya mwezi wako wa tathmini, yaani mwezi mmoja unaotumika kukokotoa malipo yako, ni kipato, na unapunguza malipo kama kipato. Kinachobaki hadi mwezi wa tathmini unaofuata ndicho kinachogeuka kuwa akiba.

Hatua ya tatu: orodhesha mali za pande zote mbili

Hapa ndipo Watanzania wengi wanapojikwaa, kwa sababu swali la mali haliishii kwenye benki za Uingereza. Nyumba unayoishi mwenyewe haihesabiwi, wala vyombo vyako vya ndani na mali zako binafsi za kutumia, wala mfuko wa pensheni binafsi ambao hujafikia umri wa kuuchukua. Kiwanja cha Bunju kinahesabiwa. Boma la Kigamboni ambalo halijapauliwa linahesabiwa kwa thamani liliyonayo leo, likiwa hivyo hivyo bila paa. Fedha zilizo kwenye simu au benki ya Dar es Salaam kwa jina lako zinahesabiwa.

Thamani inayotumika kwa mali iliyoko Tanzania ni bei ya soko la hapa, ikitolewa asilimia 10 kama kuuza kungekuwa na gharama, na likitolewa deni lolote lililowekewa dhamana ya mali hiyo. Tuchukue mfano. Una kiwanja chenye thamani ya shilingi milioni 33, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, pauni moja ni shilingi 3,300. Kiwanja kina thamani ya pauni 10,000. Toa asilimia 10, zinabaki 9,000. Benki una pauni 1,400. Jumla ni pauni 10,400, yaani 4,400 juu ya ukomo wa kwanza. Gawanya kwa 250 upate 17.6, ambayo inapandishwa kuwa 18. Zidisha kwa 4.35: malipo yako ya kila mwezi yatapungua kwa pauni 78.30. Mtu huyu alikuwa akiamini kwamba akiba yake ni pauni 1,400.

Nyumba ya urithi inahitaji uangalifu zaidi. Mali ya watu wengi huchukuliwa kuwa mna mafungu sawa, mpaka uthibitishe vinginevyo. Ikiwa nyumba ya marehemu baba iliyoko Magomeni iligawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na wewe ni binti mwenye fungu la nusu ya lile la kaka, usiache wakuhesabie sawa kwa sawa. Tafuta nakala ya uamuzi wa mahakama na orodha ya warithi kutoka kwa msimamizi wa mirathi. Kinachothaminiwa ni fungu lako lilivyo, na fungu katika nyumba iliyojaa ndugu wasiotaka kuuza lina bei ndogo kuliko unavyodhani. Mthamini aliyesajiliwa anaweza kuliandika hilo.

Ipo pia kinga ambayo watu hawaitumii kwa sababu hawajaambiwa. Nyumba anayoishi ndugu wa karibu, kama mzazi, haihesabiwi ikiwa ndugu huyo amefikia umri wa pensheni unaotumika Uingereza, ambao unapanda kutoka miaka 66 hadi 67 kati ya 2026 na 2028, au ikiwa afya yake inamzuia kufanya kazi. Kama mama yako mwenye miaka 74 anaishi katika nyumba uliyoijenga Mbagala, itaje nyumba hiyo, kisha utaje kinga hiyo, na uambatanishe kitambulisho chake cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa inayosema anaishi hapo. Kuificha nyumba ambayo sheria ingekuachia ni kujitafutia kesi bila sababu. Vivyo hivyo, nyumba unayochukua hatua za kweli kuiuza inaweza kuachwa nje ya hesabu kwa miezi sita.

Neno moja kuhusu mali iliyoandikwa jina la ndugu. Waliochukua uraia wa Uingereza hupoteza wa Tanzania, na kwa miaka mingi Sheria ya Ardhi ya 1999 haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo viwanja vingi viko kwa jina la kaka. Upande wa Uingereza hawaishii kwenye jina lililoandikwa. Wanauliza mwenye mali hasa ni nani. Swali hilo lina uzito kwa sheria za nchi zote mbili, na jibu lake liandaliwe na wakili, si na mhasibu wala na kaka mwenyewe.

Hatua ya nne: tenganisha fedha za upatu na kikoba

Mwaka fulani shangazi wa mteja wangu alipanda hadi ofisini na daftari la kurasa 96, jalada la bluu, kingo zimelainika kwa kushikwa. Lilikuwa daftari la upatu wa wanawake kumi na wawili, tisa wakiwa Uingereza na watatu Sinza. Kila mwezi ulikuwa na mstari wake, jina la mpokeaji, kiasi, na saini. Aliyeshindwa kuandika aliweka dole gumba kwa wino wa zambarau. Mteja wangu ndiye aliyekuwa akishika fedha za wote, na zilikuwa zikipita kwenye akaunti yake ya mshahara. Kwa macho ya mkaguzi alikuwa mtu mwenye akiba nono. Daftari lile, likitafsiriwa na kulinganishwa mstari kwa mstari na taarifa za benki, ndilo lililoonyesha zipi ni zake na zipi ni amana ya wenzake.

Kwa hiyo, ukiwa mweka hazina, fungua akaunti ya pembeni kwa ajili ya kikundi na usichanganye fedha hizo na mshahara wako hata kwa siku moja. Fedha ya watu uliyoshika si mali yako, lakini wewe ndiye unayepaswa kuthibitisha hivyo. Hisa zako katika kikoba ni zako na zinatajwa. Na siku zamu yako ya upatu ikifika, salio linahesabiwa lilivyo. Michango unayodaiwa miezi ijayo haipunguzwi kwenye hesabu, kwa kuwa deni hilo halikuwekewa dhamana ya mali yoyote. Mwenye pauni 5,000 benki, akipokea upatu wa pauni 4,000, amevuka ukomo wa kwanza siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: kabla ya kutumia, jiulize kwa nini

Sheria haikukatazi kutumia fedha zako. Inachouliza ni nia: je, ulizitoa ili upate mafao au yaongezeke? Ikionekana hivyo, utahesabiwa kana kwamba bado unazo. Sheria yenyewe inataja matumizi mawili ambayo hayahesabiwi hivyo: kulipa au kupunguza deni unalodaiwa, na kununua vitu au huduma ambavyo ni vya busara kwa hali yako. Kubadilisha jokofu lililokufa, kutengeneza gari la kwendea kazini, kulipa kodi ya nyumba iliyolimbikizwa: haya yana utetezi, mradi risiti zipo.

Zawadi haimo katika hayo mawili. Ukimpa mpwa pauni 5,000 za ada wiki mbili baada ya kujua kwamba umebakiza kidogo ufikie 16,000, maelezo yatakuwa magumu hata kama ada ilikuwa ya kweli. Ukiwa umemlipia ada kila Januari kwa miaka minne, kabla hata hujaomba mafao, mazoea hayo ni ushahidi wa nia yako. Mchango wa harusi, mazishi, matibabu ya mzazi: kila kimoja kinapimwa kwa kiasi chake, wakati wake, na kile ulichokijua siku ulipotuma. Ndiyo maana ninawaomba wateja waandike sababu siku ile ile, mstari mmoja tu katika daftari au ujumbe wa simu kwa ndugu aliyepokea.

Na ujenzi, ambao ndio ndoto ya wengi, haumalizi fedha hata kidogo. Pauni 3,000 ulizopaulia boma la Kigamboni zimehama kutoka benki kwenda juu ya kuta. Boma limepanda thamani, nawe bado una mali.

Ukishahesabiwa fedha usizonazo, hesabu hiyo haidumu milele. Kama jumla imezidi pauni 16,000, inapunguzwa kila mwezi kwa kiasi cha Universal Credit ambacho ungelipwa; ikiwa ipo kati ya 6,000 na 16,000, inapunguzwa kwa kiasi kile kinachokatwa. Fuatilia mwenyewe mwezi hadi mwezi, na uombe tena unaposhuka chini ya ukomo.

Hatua ya sita: kazi ya ndugu aliye Dar es Salaam

Sehemu hii naomba isomwe na anayepokea fedha. Ukitumiwa fedha ya hospitali, tunza risiti ya hospitali, si ujumbe wa muamala peke yake, kwa kuwa ujumbe huonyesha kwamba fedha ilifika na hausemi ilifanya nini. Ukinunua kiwanja kwa niaba ya mtu, hati ya mauziano ieleze fedha ilitoka kwa nani, ishuhudiwe serikali ya mtaa na igongwe mhuri unaosomeka. Kama eneo lina leseni ya makazi au hati miliki, piga nakala pande zote mbili za karatasi. Andika tarehe. Nimepokea mikataba mizuri kabisa isiyo na tarehe, na sikuweza kuwasaidia wenyewe kwa lolote. Hati za Kiswahili zitahitaji mfasiri, hivyo usisubiri wiki ya mwisho.

Hatua ya saba: toa taarifa, na ukikosewa pinga

Mabadiliko ya mali yanaripotiwa kupitia akaunti yako ya mtandaoni ya Universal Credit mara yanapotokea. Ukizembea na ukalipwa zaidi, utarudisha kilichozidi na unaweza kutozwa pauni 50 juu yake; ukificha kwa makusudi, unaweza kushtakiwa mahakamani. Usipokubaliana na uamuzi, una mwezi mmoja wa kuomba uangaliwe upya, na baada ya hapo unaweza kwenda baraza la rufaa. Ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo; nenda na orodha ya hatua ya tatu ikiwa imejazwa. Mwezi mmoja ni mfupi kwa karatasi zinazotoka Dar es Salaam, kwa hiyo siku barua ya uamuzi inapofika, mpigie ndugu yako siku hiyo hiyo na umtajie kwa majina nakala unazozihitaji.