Chora udongo kwanza: chati ya kufundishia uotaji wa mbegu

Chati nyingi za uotaji ninazoziona madarasani zina kasoro ileile: miche imechorwa ikielea hewani, na jua kubwa linawaka juu ya mbegu. Mtoto anaondoka akiamini kuwa maharage hayaoti bila mwanga. Yanaota. Yanachohitaji ni maji, oksijeni na joto la kutosha. Mwanga unapata kazi majani yanapotokeza na kuanza kujitengenezea chakula. Ndiyo maana mimi jua nalichora mwishoni tu, juu ya mche wenye majani ya kijani.

Penseli isubiri, tangulia kupanda. Zungushia karatasi ya kunyonya maji ndani ya gilasi ya kioo, jaza pamba yenye unyevu katikati, kisha penyeza mbegu za maharage na mahindi kati ya karatasi na kioo. Kila baada ya siku mbili ongeza nyingine. Baada ya wiki mbili hivi utakuwa na karibu hatua zote mbele yako kwa wakati mmoja, nawe utachora unachokiona. Angalia tu maji yasizidi, maana mbegu iliyozama hukosa hewa ikaoza.

Sasa laza manila na upige mistari miwili ya kahawia, kila mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ndio uso wa udongo. Maharage yakae kwenye mstari wa juu, mahindi kwenye wa chini, hatua tano tano, kwa kipimo kimoja.

Kwa maharage chora mbegu kavu, mbegu iliyovimba ganda likachanika, mzizi wa kwanza ukishuka, shina lililojipinda kama kulabu, na mwisho mche ulionyooka. Watu hupenda kuiruka ile kulabu, nami naomba usiiruke: ndiyo inayotangulia kupasua udongo, na ncha changa inafuata nyuma bila kuchubuka. Kotiledoni zote mbili, yaani zile nusu mbili nene za mbegu zenye akiba ya chakula, hupanda juu pamoja na shina. Zipake rangi ya kuonekana kwa mbali, na zikishatoka nje zionyeshe zikisinyaa, kwa kuwa mche unakula akiba iliyomo.

Mahindi yana kotiledoni moja, nayo hubaki chini ndani ya punje. Kinachotoboa udongo ni ala yenye ncha iliyofunika majani machanga. Mtoto akipitisha kidole kwenye mistari miwili ya kahawia ataiona tofauti hiyo kabla hujasema neno.

Majina ya sehemu usiyaandike kwenye manila yenyewe. Yaandike kwenye kadi, herufi za sentimita tatu hivi, uzibandike kwa gundi inayobanduka. Siku ya marudio unazitoa na wanafunzi wanazirudisha mahali pake. Tundika chati usawa wa macho ya watoto, gilasi zikiwa mezani chini yake, ili wailinganishe na miche halisi.